Mavazi ya darasa la densi kwa watoto: anza na viatu, malizia na mapambo

Mzazi akishamwandikisha mtoto darasa la balei, mara nyingi kitu cha kwanza anachokimbilia dukani ni tutu, ile sketi ya neti yenye matabaka. Ndicho kitu cha mwisho ambacho mtoto atakihitaji, na walimu wengi humwomba aivue siku hiyohiyo ya kwanza. Neti hufunika nyonga, na nyonga ndizo mwalimu anazozitazama kipindi kizima. Je, ziko sawa, au moja imepanda? Mguu umegeukia nje kuanzia kwenye paja, au mtoto amesokota goti tu ili nyayo zionekane zimegeuka? Hilo la goti likiachwa mwaka mzima huleta maumivu, na mwalimu asiyeliona hawezi kulisahihisha.

Nguo ya darasani ina kazi mbili: kuuacha mwili uonekane unavyokwenda, na kuuacha unyayo uisikie sakafu. Kila ninachoshauri hapa chini kinatokana na hizo mbili. Ukizishika, hata ukiingia duka lisilo na muuzaji anayejua densi, hutadanganywa na vitu vinavyometameta.

Kabla ya kununua chochote, muulize mwalimu mambo matatu: rangi gani inatakiwa, viatu vya aina gani, na kama mtoto atafanya mtihani mwaka huu. Shule zinazofuata mtaala wa Royal Academy of Dance, chama cha London kilichoanzishwa mwaka 1920, huanza kumpeleka mtoto kwenye ngazi ya kwanza ya mitihani akiwa na miaka 5. Sare ya mtihani huwa ni leotadi (vazi la kubana la kipande kimoja linalofunika kiwiliwili) tupu isiyo na mapambo, soksi au taiti, viatu safi, nywele zilizobanwa. Mtihani ukiwa bado mbali, usinunue sare hiyo mapema, kwa maana mtoto wa miaka 5 hukua haraka kuliko ratiba ya mitihani. Na kwa mwezi wa kwanza, wakati mtoto bado anapima kama atalipenda darasa, fulana ya kubana, kaptura ya kubana na miguu peku vinatosha kabisa. Miguu peku, lakini si soksi tupu. Soksi kwenye vigae au terazo ni kuteleza na kuangukia mkono.

Viatu

Hapa ndipo pa kutoa pesa, na hapa ndipo wazazi wetu hukosea kwa nia njema. Kiatu cha shule tumezoea kukinunua kikubwa kidogo ili kidumu hadi mwakani, mbele tunajaza karatasi. Kiatu cha balei hakikubali hesabu hiyo. Kikiwa kikubwa, mtoto hukunja vidole kukishikilia kisimvuke, na mguu unaokunja vidole hauwezi kunyooka. Ngozi iliyozidi hujikunja chini ya vidole, akapanda juu yake, akajikwaa. Kikiwa kidogo nacho vidole hupinda na kucha huvia damu. Kinatakiwa kikae kama soksi.

Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kutwa nzima. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, mtoto asimame juu yake kwa miguu yote miwili, kisigino kiguse ukuta. Weka alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Pima kwa milimita, mguu wa kulia na wa kushoto, utumie kipimo kikubwa. Namba moja ya kiatu ya Ulaya ni kama milimita 6.7, namba moja ya Uingereza ni kama milimita 8.5, na nusu namba yake ni kama 4. Nafasi ya kukulia unayoruhusiwa ni milimita 3 hadi 5, basi. Ukiruka namba mbili za Ulaya umemwongezea zaidi ya sentimita nzima mbele ya vidole. Na usitegemee namba ya kiatu chake cha kawaida, kwa sababu kila mtengenezaji wa viatu vya densi ana kipimo chake. Tafuta jedwali lake, ulinganishe na milimita zako.

Kiatu kikishafika, kijaribu kwa hatua tatu. Mtoto asimame nyayo chini: vidole vyote vilale bapa, visigusane kwa kubanana. Ainue visigino asimame kwa nusu unyayo: kisigino cha kiatu kisivuke. Kisha anyooshe mguu mbele na kuuchongoa: ngozi inayobaki kisiginoni isizidi ile unayoweza kuibana kidogo kwa vidole viwili. Ukishika gunia zima, rudisha dukani.

Ngozi au kanvasi? Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 7, ngozi hudumu zaidi na humpa mguu kitu cha kusukumana nacho. Kanvasi hufuliwa, hupitisha hewa, na kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hiyo si sifa ndogo, kwani ngozi iliyolowa jasho na kufungiwa kwenye begi huota kuvu. Ukikaa pwani chagua kanvasi, ukikaa Nairobi au Arusha chagua ngozi, isipokuwa mwalimu ameagiza vingine. Kuhusu soli, mdogo anayeanza avae soli nzima, ile inayotoka vidoleni hadi kisiginoni, kwa sababu humlazimisha kukaza misuli ya unyayo anapounyoosha. Soli ya vipande viwili inapendeza kwa sababu upinde wa mguu unaonekana, lakini kwa anayeanza humsaidia kabla hajajifunza kazi yenyewe.

Viatu hivi mara nyingi havina kulia wala kushoto vinapotoka dukani. Mguu wenyewe ndio unaovifinyanga. Baada ya wiki mbili hivi, andika ndani kwa kalamu isiyofutika kipi ni cha kulia na kipi cha kushoto, pamoja na jina la mtoto. Darasa la watoto 15 wenye viatu vya rangi moja bila majina ni vurugu tupu. Na kama vinabadilishana miguu kila siku, haviwezi kushika umbo la mguu hata mmoja.

Kamba na lastiki

Kuna kamba nyembamba inayozunguka mdomo wa kiatu na kutokeza mbele. Hiyo ni ya kukazia, si pambo, na mtoto asiachwe akaifunga kama kamba ya raba. Mvalishe, vuta ncha zote mbili taratibu hadi mdomo wa kiatu ukae vizuri bila kuacha alama kwenye ngozi, halafu piga fundo mara mbili. Kisha, na si kabla, kata ncha zibaki kama sentimita 2 au 3, uzisukumie ndani. Ukikata kabla ya kupiga fundo, kamba itarudi ndani ya pindo, na kuitoa ni kazi ya nusu saa na pini kubwa. Ukiikaza mno, itakata kwenye kano ya nyuma ya kisigino, na mtoto atalalamika kwamba “kiatu kinauma” ilhali namba yake ni sawa. Angalia kamba kwanza kabla ya kulaumu kiatu.

Lastiki ndiyo inayokishikilia kiatu mguuni. Viatu vingine huja nayo imeshonwa upande mmoja tu, makusudi, kwa sababu kila mguu una kimo chake. Ikiwa hujapewa, nunua ya upana wa sentimita 1.5 hadi 2, rangi ya kiatu. Pahali pa kushonea hupatikana hivi: kunja kisigino cha kiatu kiingie ndani na kulala juu ya soli. Pembe mbili zinazojitokeza kwenye mkunjo, kila upande mmoja, ndizo alama zako. Zitie penseli. Mvalishe mtoto kiatu, pitisha lastiki juu ya mguu kutoka alama hadi alama, ivute kidogo tu, ongeza sentimita 1 kila upande, ukate. Zile ncha ziguse kidogo na mwali wa mshumaa, mbali na mtoto, zisifumuke.

Shona kwa ndani, uzi mara mbili, mshono wa kurudia nyuma, umbo la mraba kama la sentimita 1. Usiishone pamoja na lile pindo linalopitisha kamba. Ukiishona hapo, kamba haitavutika tena. Baada ya upande mmoja, mvalishe tena kabla ya kushona wa pili, uhakikishe kidole chako kimoja kinapita chini ya lastiki bila shida. Lastiki inayojisokota imeshonwa wima ilhali ilitakiwa kuinama kidogo kuelekea mbele. Fumua ncha moja, iinamishe, ushone upya. Kwa mtoto mwenye kisigino chembamba, lastiki mbili zinazopishana kama herufi X hushika vizuri kuliko moja.

Viatu hivi havitoki nje ya chumba cha densi. Hata hadi chooni, havitoki. Soli yake ni ngozi ya swedi, yenye vinyweleo. Simiti huisaga, mchanga huingia na kuigeuza msasa, na sakafu za nta nyekundu tulizozizoea majumbani na shuleni huacha wekundu ambao kanvasi haiusahau. Swedi ikishalala na kung'aa, ikwaruze kwa brashi ndogo ya waya, upande mmoja, ishike tena. Usimwagie sakafu soda wala maji ya sukari ili isiteleze, kama wengine wanavyofanya. Utaita sisimizi, na mguu unaonata katikati ya mzunguko ni hatari kuliko unaoteleza.

Viatu vya kusimama kwenye ncha za vidole

Lazima niliseme hili kwa uzito. Vile viatu vigumu vya satini vyenye tepe, ambavyo mcheza balei husimama navyo kwenye ncha ya vidole, si vya mtoto mdogo. Kwa kawaida havianzi kabla ya miaka 11 au 12, na hata hapo ni baada ya miaka kadhaa ya mafunzo ya kila wiki, mwalimu akiwa ameupima mguu, kifundo na kiuno. Mifupa ya mguu wa mtoto bado ina gegedu laini za kukulia. Uzito wote wa mwili ukishushwa juu ya vidole kabla misuli haijawa tayari kuubeba, hizo ndizo zinazoumia.

Tatizo la pili ni mitumba. Viatu hivyo hupatikana kwenye marobota, vinapendeza, bei yake chini. Usinunue hata kwa mtoto aliyeruhusiwa. Ubao wake wa ndani umeshavunjika kufuata mguu wa mtu mwingine na gundi ya boksi, ile sehemu ngumu ya mbele inayoshika vidole, imelegea. Kinaonekana kigumu, kisha kinasalimu amri mtoto akiwa juu. Viko pia viatu laini vya satini vyenye tepe zinazofanana na hivyo. Hivyo havina ubao na havimdhuru mtoto kwa kuvivaa, ila satini huchanika ndani ya wiki chache za darasa. Ni vya jukwaani.

Rangi

Waridi ya viatu na taiti za balei haikutoka mbinguni. Ilichaguliwa Ulaya ili mguu na kiatu vionekane mstari mmoja usiokatika, kwa ngozi ya watu wa kule. Kwa mtoto mweusi, waridi hufanya kinyume cha ilivyokusudiwa: mstari unakatika kiunoni. Dance Theatre of Harlem, kundi lililoanzishwa New York mwaka 1969 na Arthur Mitchell pamoja na Karel Shook, lilianza miaka ya 1970 kuwavalisha wachezaji wake taiti na viatu vya rangi ya ngozi ya kila mmoja. Ilichukua muda mrefu viwanda kufuata. Mwaka 2018 ndipo Freed of London, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black la Uingereza, walipotoa viatu vya ncha vya rangi ya kahawia. Kabla ya hapo wachezaji walikuwa wakivipaka vipodozi kwa mikono yao, na wengi bado wanafanya hivyo.

Muulize mwalimu kama kahawia inakubaliwa. Walimu wengi siku hizi hukubali kwa furaha, na mtoto anayejiona mguu wake mzima kwenye kioo huelewa haraka zaidi maana ya kuunyoosha. Usipopata dukani, kanvasi hupakwa nyumbani. Chukua fandesheni ya maji inayolingana na ngozi ya mtoto, ile ya bei rahisi inatosha, uichanganye na maji kidogo iwe kama uji mwepesi. Paka kwa sponji matabaka mawili au matatu membamba, kila moja likauke kivulini kabla ya linalofuata. Tabaka moja nene hupasuka kama tope la kiangazi. Usiguse soli. Kiatu cha ngozi mpelekee fundi viatu akitie rangi ya ngozi. Usitumie dawa ya viatu ya nta, itahamia kwenye taiti na sakafuni.

Leotadi, taiti na kilicho chini yake

Jina leotadi lilitoka kwa Jules Léotard, mwanasarakasi Mfaransa wa karne ya 19 aliyevaa vazi la kubana ili watu waone mwili wake ukiruka. Kazi yake haijabadilika.

Usinunue kwa umri pekee. Kipimo muhimu ni mzunguko wa kiwiliwili: weka futi ya kamba begani, ishushe mbele, ipite katikati ya miguu, ipande mgongoni hadi pale pale begani. Leotadi fupi huvuta mabega na kuingia matakoni, mtoto akawa kila dakika anajivuta badala ya kusikiliza muziki. Ndefu hufanya mikunjo kiunoni, na mikunjo inaficha mgongo uliopinda. Lebo za Ulaya zinazosema 110, 116, 122, 128 ni kimo cha mtoto kwa sentimita, si umri wala namba ya siri. Kitambaa bora kwa joto letu ni pamba iliyochanganywa na likra kidogo, zile nyuzi zinazovutika. Nailoni tupu inang'aa, ila inamchemsha mtoto. Mikono mifupi inawafaa wengi. Zipu kwa mtoto wa miaka 4 ni balaa, maana akibanwa na haja hana muda wa zipu. Mpeleke chooni kabla hajavaa.

Mbili zinatosha kwa mtoto wa darasa mara mbili kwa wiki, moja mwilini, moja kambani.

Taiti za balei ni nzito kuliko stokingi za kawaida, na stokingi haziwezi kuzibadili. Hufumuka siku ya kwanza kwa mtoto anayekaa na kusota sakafuni. Kwa wadogo, soksi fupi nyeupe au za rangi ya ngozi zinakubalika katika shule nyingi, na hazimpi joto. Chupi ya ndani, mtoto akiivaa, iwe ya kubana, rangi ya ngozi, isiyotokeza kwenye mapaja. Yenye vikatuni na pindo la maua itaonekana chumba kizima, na mtoto ndiye atakayeona aibu.

Familia zinazohitaji stara zaidi hazina sababu ya kumwondoa mtoto darasani. Leotadi ya mikono mirefu, taiti nyeusi hadi kifundoni, na sketi ya kufunga ya shifoni inayoishia katikati ya paja, vyote kwa rangi moja, bado vinamwonyesha mwalimu mstari wa mwili. Hijabu iwe ya jezi, ile ya kuvaa kichwani kama kofia, isiyo na pini wala kishungi kirefu. Pini ikidondoka sakafuni itaokotwa na unyayo wa mtoto mwingine. Ongea na mwalimu mapema, ana kwa ana.

Wavulana mara nyingi husahaulika hadi siku ya darasa. Fulana nyeupe ya kubana, ichomekwe, kaptura au taiti nyeusi inayoishia juu ya goti au kifundoni, soksi nyeupe, viatu vyeusi au vyeupe. Wakikaribia balehe watahitaji mkanda maalumu wa ndani wa wachezaji, na mwalimu ataeleza.

Nywele

Maelezo mengi ya namna ya kufunga fundo la balei yameandikwa kwa nywele zilizolala, ndiyo maana mama wengi hujikuta wanazipiga moto nywele za mtoto bila sababu. Hakuna haja. Kinachotakiwa ni shingo ionekane, uso uwe wazi, na kichwa kiwe kizito sawasawa pande zote. Nywele fupi zilizonyolewa zimeshamaliza kazi. Twende kilioni zinazopanda kuelekea kisogoni na kukusanywa fundo moja zinakaa wiki mbili bila kuguswa. Ni mtindo bora kuliko yote kwa mtoto anayecheza. Nywele za asili zilizoachiwa zikusanywe kwa bendi laini ya kitambaa, zikunjwe, zifunikwe na wavu wa rangi ya nywele, zibanwe na pini 8 hadi 12 zinazoingia kwa kulala, si kwa kuchoma kichwa.

Rasta ndefu zina shida ya uzito. Mtoto anapozunguka hugeuza kichwa haraka kuliko mwili ili asipate kizunguzungu. Rasta za kufika kiunoni hukivuta kichwa nyuma na kumchapa usoni yeye na jirani yake. Ukimsuka, ziishie mabegani, zikunjike fundo. Shanga za nywele zitolewe. Zikikatika uzi na kumwagika, darasa zima linasimama kuzitafuta kabla mtu hajazikanyaga. Hereni za kubana sikioni hazina neno, za kuning'inia zivuliwe, bangili pia. Shanga za kiunoni, kama mtoto anazo, zitamfinya chini ya leotadi kwenye mazoezi ya sakafuni, kwa hiyo amueni nyumbani kabla.

Na mafuta! Tunapenda watoto wetu wang'ae, lakini mtoto aliyepakwa mafuta ya mgando kuanzia nyayo hadi magotini anaingia darasani kama samaki. Atateleza, atachafua taiti, na ataacha mafuta sakafuni yatakayomwangusha mwenzake. Siku ya darasa mpake asubuhi, ayakaushe, nyayo ziachwe kavu.

Sokoni na kwa fundi

Gikomba na Toi Nairobi, Kongowea Mombasa, Karume na Manzese Dar es Salaam, kote huko leotadi zimo kwenye marobota, zimechanganyika na nguo za kuogelea. Ya kuogelea utaijua kwa bitana mbele na harufu ya dawa ya bwawa. Kila unayoshika, ivute kwa mikono miwili kama nusu ya urefu wake zaidi, uiachie. Ikirudi mara moja, nunua. Ikirudi kwa uvivu, au ukiielekeza kwenye mwanga ukaona nyuzi nyeupe zilizokatika, likra imekufa na itaonyesha mwili baada ya kufuliwa mara mbili. Angalia mshono wa katikati ya miguu kabla ya kitu kingine chochote.

Ukishonesha, mwambie fundi mambo mawili: kitambaa kivutike pande zote, urefu na upana, na mshono uwe ovaloki au zigizaga. Mshono ulionyooka wa cherehani ya kawaida hukatika mtoto akichuchumaa mara ya kwanza, kwa sababu kitambaa kimevutika na uzi haukuvutika.

Darasa la ngoma

Yote hayo ni ya balei. Ngoma zetu zina mavazi yake, na zina mantiki ileile ya kuuacha mwili uonekane. Kibwebwe kiko kwenye nyonga ili mtikisiko usomeke kutoka mbali.

Kanga moja ina upana wa takriban sentimita 110 na urefu wa 150, ni kubwa mno kwa mtoto wa miaka 7. Ikunje katikati kwa upana ibaki 55, kisha ukunje tena ukingo wa juu hadi urefu uishie magotini. Chini avae kaptura ya kubana. Izungushe nyongani, si kiunoni, ncha zipishane upande mmoja ili miguu ipate nafasi ya kufunguka, viringisha ukingo wa juu kwenda nje mara mbili. Halafu chukua kitambaa cha pili, ukikunje kiwe na upana wa kama sentimita 10, ukifunge juu ya kanga kwa nguvu, fundo pembeni. Fundo la mbele humchoma tumboni akiinama, la nyuma humuumiza akilala chali. Usitumie pini. Mwambie aruke mara kumi na kuchuchumaa mara tano; kanga ikishuka, uliifunga juu ya kiuno, ifungue uanze upya.

Njuga za watoto ziwe chache, tano au sita kwa kila mguu, zimeshonwa kwenye mkanda wa kitambaa au ngozi laini. Chini yake avae soksi fupi iliyokatwa vidole, au azungushiwe kitambaa, kwa maana chuma kitupu kinachogongana na kifundo kitamchubua ndani ya dakika 20. Afundishwe hatua kwanza bila njuga. Mtoto aliyefungwa njuga mapema hukanyaga kwa nguvu ili zilie, akaharibu hatua na magoti pamoja. Miguu iwe peku, na mtu mzima aipitie sakafu au uwanja kwanza: vigae vilivyovunjika, misumari, vifuniko vya soda.

Kuhusu hip-hop, raba safi za ndani tu, soli isiyoacha weusi sakafuni, suruali isiyokanyagwa na visigino. Kwa tap, vile viatu vyenye vyuma, beba bisibisi ndogo. Skrubu hulegea kila baada ya vipindi vichache, na chuma kilichochomoza kitakwaruza sakafu ya watu.

Begi na ufuaji

Mtoto asafiri kwenye daladala, matatu au bodaboda akiwa na gauni au fulana ndefu juu ya leotadi, na ndala miguuni. Begini mna viatu kwenye mfuko wao wa kitambaa, taulo ndogo, maji, pini za akiba, kanga moja ya kujifunika.

Leotadi na taiti zifuliwe kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo, bila dawa ya kung'arisha. Usizikamue kwa kuzisokota. Zikunje ndani ya taulo ulikanyage. Zianikwe kivulini, kwa sababu jua kali huua likra kuliko ufuaji wenyewe, na pasi isizifikie kamwe. Viatu vya ngozi hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Vya kanvasi hufuliwa, kisha hujazwa kitambaa cheupe ndani vishike umbo. Gazeti lina wino, litavichafua. Kila baada ya miezi mitatu itoe tena ile karatasi ya kupimia, mtoto asimame ukutani, uweke alama mpya pembeni ya ile ya zamani. Zikiachana zaidi ya milimita 5, viatu vimeshakuwa vya mdogo wake.